Maurice Otunga, Jirani Yetu wa Nyumba ya Wazee



Historia ya kwaya mmeisoma kwenye kurasa za mbele. Hapa tunawaandikia maisha ya mtu ambaye hakuimba nasi hata wimbo mmoja, wala hatuna picha tuliyopigwa pamoja naye. Tumemchagua kwa sababu alikuwa jirani. Kwaya hii ilipoanza mwaka 2000, Kadinali Maurice Michael Otunga alikuwa angali hai, na kutoka hapa Kiamaiko ungefika kwake kwa matatu mbili tu: moja ya Outering hadi Allsops, nyingine ya Thika Road kuelekea Kasarani. Alikuwa akiishi Nyumba ya Wazee, makao ya wazee maskini yanayotunzwa na masista. Mtu aliyekuwa Askofu Mkuu wa Nairobi kwa zaidi ya miaka 25, muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaoimba sauti ya kwanza leo, alikuwa na chumba chake humo kama wazee wengine.

Wengi wetu tulikua tukilisikia jina lake kwenye sala za Misa, na wakongwe wetu kadhaa wanakumbuka mkono wake kwenye paji la uso siku ya Kipaimara. Lakini ukiwauliza vijana wa kwaya Otunga alikuwa nani, watakwambia ni kadinali wa zamani, basi. Tuanzie mwanzo.

Alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma. Kulikuwa kiangazi, na Wabukusu humwita mtoto wa majira hayo Simiyu, kwa hiyo akaitwa Simiyu. Baba yake alikuwa Chifu Sudi Namachanja. Hapa tunamwomba msomaji asimame kidogo, maana siku hizi chifu tunamwendea kwa ajili ya barua ya kitambulisho tu, na tukimkosa ofisini tunarudi kesho. Chifu wa enzi ya mkoloni alikuwa mtu mwingine. Ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyetoa watu wa kufanya kazi ya barabara, kesi za mashamba na ng'ombe zilimngoja yeye, na serikali ilipotaka kusema na watu ilisema kupitia kwake. Boma la Namachanja lilikuwa na wake wengi na watoto wengi. Mtoto wa boma kama hilo hakuhitaji kujitambulisha mahali popote. Watu walimpisha njia kabla hajajua kwa nini wanampisha.

Mwaka 1935 kijana Simiyu alibatizwa, akaitwa Maurice Michael. Akasoma Mang'u, akaingia seminari Kakamega, kisha Gaba kule Uganda. Ilikuwa inajulikana kwamba angeweza kurithi kiti cha baba yake, na kukikataa hakukuwa jambo dogo. Padri hana mke wala mtoto, na katika boma la mtu mwenye wake wengi, kijana anayesema hataoa kabisa alionekana kama anayetupa mali ya ukoo mtoni. Alikitupa. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuwa amekosana na watu wa kwao. Aliacha tu kile alichokuwa na haki ya kukipata, na kukiacha akiwa bado kijana, wakati ambapo sisi wengi tunakuwa ndiyo kwanza tunakitafuta.

Kutoka Gaba alipelekwa Roma, na huko akapewa daraja ya upadri tarehe 3 Oktoba 1950. Ulikuwa Mwaka Mtakatifu, Roma imejaa mahujaji, na tarehe 1 Novemba Papa Pius wa Kumi na Mbili akatangaza rasmi fundisho la Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Tunalitaja hili kwa sababu ibada kwa Mama Maria ilibaki naye maisha yote, rozari mkononi.

Aliporudi nyumbani alifundisha seminarini na akafanya kazi Mombasa. Halafu mambo yakaenda mbio. Novemba 1956 aliteuliwa askofu msaidizi wa Kisumu, akiwa na umri wa miaka 33. Ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa askofu Mkatoliki. Mwaka 1960 akawa askofu wa kwanza wa jimbo jipya la Kisii. Akahudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1969 akaletwa Nairobi, na Oktoba 1971 akachukua kiti cha Askofu Mkuu John McCarthy. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita alimpa kofia nyekundu, kadinali wa kwanza kutoka Kenya. Siku hiyohiyo alipewa pia Albino Luciani wa Venice, ambaye miaka mitano baadaye, mwaka 1978, Otunga na makadinali wenzake walimchagua kuwa Papa Yohane Paulo wa Kwanza. Papa huyo alikaa siku 33 tu, wakarudi tena Roma kumchagua Yohane Paulo wa Pili. Mtoto wa Chebukwa alipiga kura mara mbili katika mwaka mmoja ndani ya kanisa dogo la Sistina.

Tazameni jambo la ajabu: aliyekikataa kiti kimoja cha uchifu alipewa viti vinne, kila kimoja kikubwa kuliko kile cha kwanza. Tunaogopa kidogo kuliandika hili, kwa sababu kuna mahubiri mengi hapa Eastlands yanayosema ukimwachia Mungu kidogo atakurudishia mara mia, na watu hutoka hapo wakihesabu. Kama Otunga alikuwa akihesabu, basi alihesabu vibaya, kwa maana alichofanya na viti hivyo vikubwa tutakiona mbele.

Nairobi aliyoikuta si hii. Katika sensa ya 1969 jiji lilikuwa na watu nusu milioni na ushee. Kufikia sensa ya 1999 walikuwa zaidi ya milioni mbili. Mitaa yetu hii ya Mathare, Huruma, Kiamaiko, Kariobangi na Korogocho ilijaa katika miaka ileile aliyokuwa askofu mkuu. Parokia zilizaliwa, shule zikajengwa, mapadri wa nchi wakaongezeka. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja mara tatu, 1980, 1985 na 1995, na mara zote mwenyeji alikuwa yeye. Ya 1985 ndiyo wakongwe wetu hawaachi kuisimulia, kwa sababu lilikuwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa na kwaya za jimbo zima ziliunganishwa. Ukiwauliza leo alihubiri nani na alisema nini, hawakumbuki. Wanakumbuka waliimba sauti gani.

Isidhaniwe kwamba mnyenyekevu ni mtu wa kukubali kila kitu. Otunga alikuwa mgumu. Mwaka 1996, wakati ukimwi unatumaliza mtaani, alisimama hapa Nairobi kwenye moto uliochoma kondomu na vijitabu vya kinga, na alilaumiwa sana, ndani na nje ya nchi. Katika kwaya yetu wapo waliozika ndugu zao miaka hiyo, na mpaka leo hawaoni jambo hilo kwa jicho moja. Wengine walitaka awapigie kelele wakubwa wa serikali zaidi ya alivyofanya, kama walivyofanya baadhi ya maaskofu wenzake. Hatuandiki ili kutetea kila alilofanya. Tunasema tu kwamba tusichanganye unyenyekevu na upole wa sauti. Kuna watu wanaoongea polepole, macho chini, mikono imekunjwa, na bado hawawezi kumpisha mwingine kwenye benchi. Tunawajua. Na kuna mtu mkaidi wa mawazo ambaye, siku ya kuondoka ikifika, anaondoka.

Siku yake ilifika tarehe 21 Aprili 1997. Sheria ya Kanisa inamtaka askofu atoe barua ya kustaafu akitimiza miaka 75, na yeye alikuwa na 74. Kiti kikaenda kwa Askofu Mkuu Ndingi Mwana a'Nzeki. Kadinali mstaafu hakosi mahali pa kukaa. Kuna nyumba za mapadri zenye bustani, kuna mashirika ambayo yangemjengea, kuna nyumbani kwao Bungoma ambako angepokewa kwa ngoma. Akaenda Nyumba ya Wazee.

Tuieleze nyumba hiyo, kwa kuwa wengi tunaipita tu tukiwa kwenye matatu. Ni ya Masista Wadogo wa Maskini. Wanapokea wazee wasio na uwezo na wasio na mtu, wanawaogesha, wanawalisha, wanakaa nao mpaka mwisho. Hawatozi ada ya kuwatajirisha. Desturi ya shirika lao tangu mwanzo ni kuomba: sista anachukua kikapu anaenda sokoni na madukani kuwaombea wazee chakula.

Aliyelianzisha shirika hilo ni mwanamke wa Ufaransa, Jeanne Jugan. Historia yake haimo katika maisha ya Otunga, lakini Otunga alikwenda kufia ndani ya nyumba iliyotokana nayo, na sisi tulipoisoma tulishindwa kuiacha.

Alizaliwa mwaka 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi. Baba yake alipotea baharini Jeanne akiwa mtoto. Akawa mfanyakazi wa jikoni katika nyumba za watu, kisha akahudumu hospitalini. Kipupwe cha mwaka 1839, akiwa na miaka 47, alimchukua bibi kizee kipofu aliyepooza, akampeleka chumbani kwake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Akaja bibi wa pili, na wa tatu. Wasichana wengine wakajiunga naye. Akazunguka na kikapu akiomba. Husimuliwa kwamba mwanamume mmoja alimpiga kofi, naye akamjibu kwa utulivu kwamba hilo ni lake, sasa atoe la wazee.

Desemba 1843 wenzake walimchagua tena kuwa mkuu wao. Wiki mbili baadaye padri aliyekuwa akiwasimamia, Auguste Le Pailleur, akafuta uchaguzi huo na kumweka msichana mdogo mahali pake. Taratibu padri huyo akajiita yeye mwenyewe ndiye mwanzilishi. Mwaka 1852 Jeanne aliitwa kwenye nyumba kuu, akakatazwa hata kutoka kuomba. Akakaa huko miaka 27 akifanya kazi ndogondogo na kuishi kati ya masista vijana, na wale vijana hawakujua kwamba bibi huyu mrefu mwenye fimbo ndiye aliyeanzisha kila kitu walichokuwa wakijifunza. Alifariki tarehe 29 Agosti 1879. Baadaye Roma ilichunguza, Le Pailleur akaondolewa mwaka 1890, na ukweli ukatoka polepole. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza kuwa mtakatifu.

Katika kamati tulijadili sana hawa wawili. Otunga alizaliwa na heshima mkononi, na mmoja wetu, mama anayeuza matumbo karibu na machinjio ya mbuzi, alisema kwa mtu kama huyo kuacha si kazi ngumu sana, kwa kuwa hata akivua kofia nyekundu kila mtu anajua ilikuwa kichwani. Neno hilo lilitunyamazisha. Hapa Kiamaiko hatujazaliwa na kofia yoyote. Mtu anaamka saa kumi usiku kwenda kupokea mbuzi, anasukumwa, anaitwa wewe, anadaiwa kodi ya nyumba mbele ya watoto wake. Jumapili anavaa sare iliyopigwa pasi, anasimama mstari wa mbele, mwalimu anampa ishara, na kanisa lote linanyamaza kumsikiliza yeye. Ni dakika mbili katika wiki nzima. Ukimwambia mtu huyo anyenyekee, ampe mwingine hiyo solo, unamwomba kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Ugomvi wa kwaya hucheka watu wa nje. Sisi hatuucheki. Katika miaka 25 tumepoteza waimbaji kwa sababu ya solo, kwa sababu ya nani ashike maiki, kwa sababu ya nani asimame karibu na Baba Paroko kwenye picha. Kuna wakati kinanda kilikaa nyumbani kwa mtu miezi mitano, kimefunikwa na shuka, na Misa zikaimbwa kwa kayamba. Hata kwa kijitabu hiki, mazungumzo ya bei ya kuchapisha yalikwisha kwa dakika kumi, na mazungumzo ya majina ya waanzilishi, nani aanze na nani afuate, yalichukua Jumapili tatu.

Kwa hiyo mama wa matumbo alikuwa na haki, na ndiyo sababu Jeanne Jugan yumo humu. Yeye alikuwa mtu wa kwetu. Mpishi, mtoto wa mvuvi, hakuwa na kitu ila kazi moja aliyoianzisha kwa mikono yake, na hata jina la kazi hiyo likachukuliwa na mwingine. Hatusemi aliyemnyang'anya alifanya vema. Alifanya dhuluma, na Kanisa lilisema hivyo kwa kumwondoa. Wala kiongozi yeyote asiutumie mfano huu kuwanyamazisha waliodhulumiwa. Lakini kile ambacho Jeanne angeweza kukifanya katika miaka 27, yaani kuwanong'oneza wale masista vijana jioni moja tu baada ya sala ukweli wote, hakukifanya. Wazee walikuwa wanaogeshwa. Kikapu kilikuwa kinazunguka. Inaonekana hilo lilimtosha.

Na Otunga, ambaye alikuwa na uhuru wa kuchagua, akachagua kuzeekea nyumbani kwa mwanamke huyo. Wakati huo Jeanne hakuwa bado ametangazwa mtakatifu. Zaidi ya hapo hatuwezi kumsemea. Tunachoona ni kwamba uchifu aliuacha akiwa kijana, kabla hajauonja, na uaskofu mkuu aliuacha akiwa mzee, baada ya kuuonja miaka 25. Kati ya hayo mawili, sisi tunadhani la pili ndilo lililogharimu. Anayekataa cheo kabla ya kukipata hajui bado utamu wa kuitwa kwa cheo hicho kila asubuhi. Mzee aliyezoea kusubiriwa mlangoni, kisha akaanza kusubiri zamu yake ya uji pamoja na fundi wa zamani na yaya wa zamani, huyo anajua hasa alichoacha.

Aliishi humo miaka sita. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003 katika Hospitali ya Mater, akiwa na umri wa miaka 80. Alizikwa kwanza Msongari, katika makaburi ya Mtakatifu Austin, mahali walipolala wamisionari wa zamani na Edel Quinn, yule binti wa Ireland aliyeleta Lejio ya Maria nchini na kufia hapa Nairobi mwaka 1944. Baadaye masalia yake yalihamishiwa Bustani ya Ufufuko, Karen. Kanisa limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa hiyo hata jina lake limeongezewa cheo kingine, safari hii akiwa hana namna ya kukikataa.

Uchaguzi wa viongozi wa kwaya utafanyika Jumapili ya pili baada ya jubilei. Kwa mujibu wa katiba yetu, viongozi waliotimiza vipindi viwili hawagombei tena, na wote wanaohusika wameshakubali kwa maandishi. Funguo za kabati la sare, kinanda na daftari la michango vitakabidhiwa siku hiyohiyo mbele ya Baba Paroko.

Jumamosi inayotangulia uchaguzi tutakwenda Nyumba ya Wazee kuwaimbia. Tutakutana kanisani saa mbili asubuhi. Kila mwanakwaya alete kimoja kati ya hivi: unga, sukari, sabuni ya kufulia au mafuta ya kupaka. Hatutabeba spika wala maiki, na nyimbo zote zitaimbwa na kwaya nzima. Sare hazihitajiki, ila kina mama waje na leso, kwa kuwa masista wametuambia baada ya nyimbo kuna viazi vya kumenya.